Kikanisa Kinahama

Miaka kumi na mmoja Etelvina hakumpa Heriberto hata salamu, na leo yuko mlangoni kwake. Makubwa haya! Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mkate wa viazi. Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Antonio, mbele ya kisiwa kizima, Heriberto alisema mkate aliopika Etelvina ungefaa kuwa nanga ya mashua. Watu walicheka, na padri naye alicheka. Etelvina akaapa hatamsemesha tena, naye akisema amesema.

Lakini bahari ilikuwa imemega ukingo, zimebaki hatua sita kufika ukuta wa kikanisa. Funguo zake alizishika yeye, kama mama yake na bibi yake. Dhoruba moja tu ya majira ya baridi, basi, kimekwenda na maji. Ilibidi kiburutwe kizima kizima mpaka kilimani, na hakuna maksai wa kutangulia wengine kupanda mlima ule ila wa Heriberto. Nayo minga, kazi ya ujima ya kuhamisha nyumba, ina desturi yake: mwenye shida huenda kuomba mwenyewe, kwa kinywa chake. Kutuma mtu ni matusi.

"Hodi!"

"Nani huyo?" Na yuko dirishani anamwona, mzee yule!

"Usinitanie, Heriberto. Nimekuja kukuomba minga."

"Sema kwa sauti, jirani. Masikio yamezeeka."

Akaomba tena, huku roho inamuuma.

"Nitakuja," alisema Heriberto. "Ila mtu asinifundishe kazi."

"Nani akufundishe? Si unajua kila kitu, hata mapishi!"

Jumamosi zilikuja jozi kumi za maksai na watu themanini. Sanamu ya mtakatifu ilitolewa kwanza. Kuta ziliegemezwa magogo kwa ndani, kikanisa kikafungwa kamba, na Heriberto akashika jozi ya mbele.

"Haya! Vuta!"

Mbao zililia. Etelvina alitembea ubavuni, kiganja ukutani. "Taratibu, mama, taratibu," alikibembeleza. Kwenye kona vigae vya mbao vilimwagika, akapiga ukelele. Heriberto aliinua mkono, maksai wote wakasimama, kisha akawapitisha polepole mno. Alasiri walifika juu, na kuta zote zimesimama. Watu walishangilia, Etelvina akalia bila kujificha.

Akazunguka kwenda kufungua mlango. Lahaula! Mlango ulitazama msituni, na mgongo wa kikanisa ulikuwa baharini. Kisiwani pale hakuna kikanisa kinachowapa mgongo watu walio majini.

Alimfuata Heriberto, aliyekuwa akifungua nira.

"Kimekaa nyuma mbele!"

"Naona."

"Kigeuze basi!"

"Maksai wamechoka. Na kugeuza ni kazi nyingine, jirani. Kazi nyingine huombwa upya."

Etelvina alimtazama vizuri. Mtu huyu alikuwa amehamisha nyumba kwa miaka arobaini, na hakuna hata moja aliyoiweka vibaya.

"Ulijua," alisema.

"Tangu kule kwenye kona."

"Mbona hukusema, wewe mtu?"

Heriberto alivua kofia, akawa anachungulia ndani yake.

"Ukishapata kikanisa chako," alisema, "ungebisha tena lini mlangoni kwangu?"

Etelvina alifungua kinywa amtukane.

"Kesho asubuhi nitabisha," alisema. "Na nikute maji ya chai yamechemka."