Marobota Yaliyokonda

Karani wa ghala alipima robota la kwanza la pamba, akakuna kichwa. Akalipima tena. Siku lilipoingia, mvua ikinyesha kutwa kucha, lilikuwa na kilo mia mbili na tano. Namba aliiandika kwa chaki kwa mkono wake mwenyewe. Leo, baada ya miezi miwili ya jua kali, mia moja tisini na tisa. La pili hivyo hivyo. La tatu, la nne... Yote arobaini yamekonda, na waya wa kuyafungia hata mmoja haujaguswa!

Jamani, pamba inakwenda wapi?

Funguo za ghala walikuwa nazo watu wawili tu: yeye na mlinzi, ndugu wa mkewe, ambaye karani mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi. Basi akaona hana haja ya kufikiri zaidi.

"Shemeji, umenivua nguo mbele za watu."

Mlinzi aliapa mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Alifukuzwa mchana kweupe, na mtaa mzima ukambandika jina: Mwizi wa Pamba. Tangu siku hiyo mke wa karani akawa anampakulia mumewe chakula bila kumsemesha.

Mvua zikarudi. Mnunuzi alikuwa njiani, karani akapima tena, na hapo akili nusura imruke. Mia mbili na nne. Mia mbili na tano. Mwizi gani huyu, kafukuzwa, kanyang'anywa ufunguo, halafu anarudisha mali kwa kupenya ukutani?

Alifika nyumbani kapigwa na butwaa. "Mke wangu, pamba imerudi. Nani kaileta?"

Mkewe alikuwa akigonga kopo la chumvi iliyoganda, inachuruzika maji. "Na hii nani kaimwagia maji? Si unyevu wa mvua huo! Chumvi inaunywa, pamba isiunywe ina nini? Jua likiwaka, inautema."

Lo, aibu iliyomshika! Hakuvua hata viatu. Alimkuta shemeji yake barazani anashona kiatu, akamweleza yote, chumvi, mvua, maneno yanagongana mdomoni.

"Nisamehe, shemeji. Mizani imesema hukuiba."

Shemeji akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mimi nilikwambia kabla ya mizani."