Magunia Mabichi Juu ya Daraja

Mwaka juzi mke wangu Marsela alifia ukingoni mwa mto huu wa kwetu Ganako. Mto umejaa, gari la wagonjwa liko ng'ambo linatuwashia taa tu. Daraja wakubwa walikuwa wameliahidi tangu mwanangu wa mwisho anabebwa mgongoni. Kwa hiyo walipoleta nondo niliomba kibarua, nione kwa macho yangu watakavyoliharibu.

Wakaliharibu. Nusu ya kwanza, ya upande wetu, msimamizi Sylvesta aliimwagia zege saa sita mchana, jua kali na upepo wa Septemba, eti kuna mkubwa anakuja kupigwa picha. Saa tisa nikaona ajabu. Zege lenyewe, halijakanyagwa hata na mbuzi, linapasuka. Nyufa nyembamba kama nywele, zinatembea taratibu mbele ya macho yangu. Nikaweka kiganja. Lilikuwa na joto kama mtu mwenye homa.

Injinia Penina akapiga magoti pembeni yangu. "Juu limekauka kabla halijashika. Linasinyaa, mzee Yohani."

"Kama sakafu ya udongo."

"Kama sakafu. Nyumbani mlikuwa mnafanyaje?"

"Marsela alikuwa anasiriba alfajiri, kabla ya upepo. Halafu anafunika magunia mabichi, na hapiti mtu."

Hakucheka. Nusu ya pili, ya ng'ambo, tukaimwaga alfajiri. Akanikabidhi magunia na maji, siku saba.

Parsimei, kibarua mwenzangu wa Endulen, akanitania: "Mzee, umeoa daraja?"

"Nimeoa. Na hili halifi mikononi mwao."

Siku ya tatu Sylvesta akaja. "Toa hayo matambara, yule mkubwa wa picha yuko njiani."

Nikakaa juu ya magunia. "Apigwe picha na mimi nikiwemo."

Akamgeukia injinia. Injinia akanisogezea ndoo ya maji.

Siku ya saba nikafunua. Nikatambaa kwa magoti kuanzia katikati ya daraja, pua karibu na zege, natafuta ufa. Nasema kweli, nilikuwa nautaka. Wa kulaumiwa nawajua, ufa mmoja ungenitosha. Sikuuona. Jiwe zima, limepoa, limetulia, na tulilitengeneza sisi wenyewe kwa vumbi na maji.

Nilipoinua kichwa, mto ulikuwa nyuma yangu. Nilikuwa nimepiga magoti palepale liliposimama lile gari la wagonjwa.