Shilingi za Kupitishwa Motoni

Kwa siku saba shilingi nane zilikaa juu ya baraza la duka la Maftaha pale Mtama, mchana kutwa na usiku kucha, na hakuna aliyezigusa. Watu wa Mtama si watu wa kuacha fedha ilale nje. Senti kumi ikidondoka sokoni, wanne huinama kwa pamoja. Lakini zile walizizunguka. Wanawake waliokuja kununua chumvi walikusanya kanga zao wakapitia upande wa pili, na mwehu mmoja aliyezoea kulala barazani hapo alihamia kwenye ghala la jirani bila kufukuzwa. Fedha zile zilikuwa zimetoka kwenye nyumba ya wakoma.

Aliyeziweka ni Dionis. Miaka tisa alikuwa mpimaji wa Maftaha, akipima ufuta na korosho za wakulima, kaptura yake imepigwa pasi na kalamu imekaa sikioni. Kisha tamaa ikamwingia. Alikopa kwa tajiri wake shilingi mia na hamsini, akanunua ufuta wake mwenyewe, akauweka kwenye ghala bovu, mvua za masika zikamaliza shughuli. Rehani ilikuwa shamba la mikorosho la mama yake, Bi Lusia, ambaye hakuulizwa. Ikifika Idi ya mwaka wa pili na hata shilingi moja imebaki, mikorosho ingekuwa ya Maftaha, na mama angetafuta pa kulala.

Masika hayohayo dada yake, Stefania, alitokwa na mabaka mwilini. Dionis ndiye aliyempeleka kilimani kwa watawa waliotunza wakoma, mwendo wa siku nzima, akimbeba mgongoni pale njia ilipokuwa mbaya. Alikusudia kurudi kesho yake. Homa ilimchukua Stefania baada ya miezi mitatu, na Dionis alikuwa bado yuko kulekule, anaosha vidonda vya watu asiowajua. Hakuweza kueleza vizuri kwa nini. Alisema tu kwamba mzee mmoja alilia siku alipofungwa mguu kwa mikono ya mtu mwingine, na hakulia kwa maumivu, maana mguu wenyewe ulikuwa umekufa ganzi zamani. Hata ungeuchoma kwa kijinga cha moto asingejua. Vidonge vipya vilikuwa vimeanza kuletwa, na waliowahi mapema walikuwa wakirudi makwao. Kazi ile ilimpa shilingi kumi na mbili kwa mwezi, na nane zilikuwa za Maftaha.

Siku ya nane Maftaha alipata akili. Alitoa chetezo chake cha kufukizia ubani, akakijaza makaa, akazichukua zile shilingi kwa koleo moja moja, akazilaza motoni mpaka kichwa cha mfalme kikawa chekundu. Kisha akazitumbukiza kwenye bakuli la maji. Tangu hapo ndivyo ilivyokuwa kila mwezi: Dionis anasimama nje ya kizingiti, tajiri ameketi ndani juu ya jamvi, na kati yao fedha inaungua.

Mabaki ya ubani yaliyokuwa chini ya makaa hayo yalifuka kila mara, na harufu ikamganda Dionis nguoni. Ni harufu ya nyumba yenye maiti. Watu aliofanya nao kazi waliitikia salamu yake wakitazama pembeni, na mara mbili aliwasikia wakisema, naye amesimama hapohapo, "Dionis alikuwa mtu mwema sana." Njiani kurudi kilimani alijiona kama marehemu aliyepewa ruhusa ya kuja kulipa madeni yake mwenyewe. Asubuhi zote, kabla ya kazi, alijichoma ncha za vidole kwa pini, kimoja baada ya kingine. Vikiuma alimshukuru Mungu, akaenda kuchemsha maji.

Mwezi wa kumi na tisa uliangukia Ramadhani, na Idi ilikuwa imebakiza siku tatu. Dionis aliingia Mtama saa saba mchana. Mji ulikuwa umelala. Hata kuku hawakuonekana, na jua lilipiga barabara tupu mpaka macho yakauma. Mlango wa duka ulikuwa nusu wazi. Maftaha aliketi gizani, mikono ya kanzu imemfika vidoleni, na nyusi zake zilikuwa zimepungua upande wa nje. Dionis alidhani ni uzee. Au hakutaka kudhani kitu kingine.

"Shikamoo, Bwana Maftaha."

"Marahaba. Weka hapohapo."

"Ni sita, Bwana. Ndizo za mwisho."

"Za mwisho," Maftaha alirudia, kama mtu anayeambiwa habari ya msiba wa mbali. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Yuko shambani anapalilia."

"Haya. Na apalilie chake."

Tano zilipita motoni zikaingia majini, na kila moja ililia kidogo. Ya sita iliponyoka kwenye koleo, ikaangukia jamvi, na ukili wake ukaanza kutoa moshi. Maftaha aliiokota upesi kwa vidole, akaifumbata kwenye mkono wa kulia ili jamvi lisiungue. Kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo mtu yule wa adabu hakuwahi kulifanya, alitoa karatasi ya deni kifuani akaisukuma mpaka kizingitini.

"Umelipa, Dionis. Sina dai kwako, duniani wala akhera."

Miezi kumi na tisa Dionis alikuwa ameiota karatasi ile. Aliinama kuichukua, na hapo Maftaha akainua pua, akanusa.

"Nani anachoma nyama?" aliuliza, akageukia uani kwa hasira. "Mchana wa Ramadhani, nani anachoma nyama?"

"Hakuna moto huku, Baba Hasani," sauti ya mkewe ilijibu kwa mbali. "Hata jiko sijaliwasha."

Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kati ya vidole vya Maftaha. Vilikuwa vimefumba vilevile, vimetulia juu ya goti lake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kujibiwa.

Dionis alisikia furaha, naye alijua ni furaha mbaya. Huyu ndiye aliyeufundisha mji mzima kumzunguka. Karatasi ilikuwa mkononi, mikorosho ilikuwa ya mama. Angeweza kuaga kwa heshima akaenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa hakuna ambaye angejua. Siku moja mji ungeona wenyewe, na kufikia siku hiyo vidole vya tajiri vingekuwa vimekwisha. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Bwana," alisema, "fungua mkono."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Maftaha alitazama chini. Alivifungua vidole kimoja kimoja, kwa taabu, na shilingi ilikuwa imezama katikati ya kiganja, ngozi imejikunja pembeni yake. Aliitazama muda mrefu. Kisha alitazama barabarani kuona kama kuna mtu anayepita, na hapakuwa na mtu.

"Haiumi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mwili ule. "Dionis, mbona haiumi?"

Dionis alikuwa amekwisha kuingia. Aliketi naye juu ya jamvi, akauweka ule mkono kwenye mapaja yake, akaanza kuitoa ile shilingi taratibu, taratibu sana, kana kwamba mkono ule ulikuwa wa mtu anayesikia maumivu.