Kumi na Saba wa Ngoro

"Kumi na saba?" Mzee Bernadi alisogeza miwani hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha kompyuta. "Binti, katika kikundi hiki wanaolima kwa ngoro, mashimo yetu ya Kimatengo ya mlimani, ni arobaini na mmoja. Wengine umewazika wapi?"

Winifrida aliyumbayumba kumtuliza mwanawe Glorious mgongoni. Mzee huyo, mwenyekiti, alikwisha sema: hesabu ikikubali, kazi ya kutunza tovuti ya kikundi cha kahawa ni yake, ikikataa, wanarudi kwenye daftari, na miezi minane ya darasa la jioni ndiyo imekwenda na maji.

"Baba, naiuliza kanzidata: niletee wote walioandikwa ngoro. Kila mkulima anakuja na mstari wake, halafu ukurasa unahesabu mistari iliyokuja."

"Basi imetumwa ikachoka njiani."

Ottilia, karani aliyeingiza majina, akaguna. Winifrida akafungua orodha nzima, akaishusha taratibu. Ngoro. Ngolo. Ngolo. Ngoro.

"Dada Ottilia, hii nini?"

"Mimi niliandika walivyotamka. Watu wa Kitura walisema ngolo. Ningewasahihisha mashimo yao wenyewe, tena kwao?"

"Ni kitu kimoja!" Mzee alisema.

"Kwetu, baba. Mashine haikuzaliwa Umatengoni."

Akaongeza kwenye swali: ngoro au ngolo. Akabonyeza. Arobaini na mbili.

"Ehe! Sasa imezaa!" Mzee alijipiga goti. "Ottilia, nipe daftari langu."

Winifrida akampigapiga mtoto aliyeamka mgongoni. Akaipanga mistari kwa alfabeti, akateremka na kidole. Kwenye herufi B kidole kikaganda.

"Baba... shikamoo tena."

"Marahaba. Nini?"

"Bernadi Ndunguru, ngoro. Bernadi Ndunguru, ngolo. Upo mara mbili."

Ottilia alijifunika mdomo kwa kanga. "Si ulijiandikisha hapa mjini, kisha Kitura ukajiandikisha tena mbele ya mkutano?"

"Nilikuwa nawatia moyo," Mzee alijibu, akikohoa kikohozi kisichokuwepo.

"Nifute upi, baba?"

Mzee alifikiri kama anayegawa shamba. "Futa wa mjini. Mama yangu ni wa Kitura, akisikia nimesema ngoro, atanikana."

Mstari ukafutika. Arobaini na moja.

Mzee Bernadi alivaa kofia, akaikagua namba mara ya mwisho. "Jumatatu saa mbili asubuhi, kazini. Mtoto uje naye, atalala mapajani kwa Ottilia."

"Mapajani kwa nani?" Ottilia aliuliza, huku mikono yake imeshanyooka kumpokea Glorious.