Nafasi ya Thuraya Mstarini

Siku ile mjinga alikuwa Ghalibu, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta dukani kwake Isevya, kati ya misumari na makopo ya rangi, atakusimulia huku akijicheka kabla wewe hujamcheka.

Alasiri alikuwa amechutama uani akipanga tranka la binti yake, Thuraya. Gari la shule lingepita baada ya magharibi kuwachukua watoto wa darasa la saba, kuwapeleka Sikonge kwenye kambi ya masomo likizo nzima. Mashuka, chandarua, kandambili, karanga za kukaanga, asali kwenye chupa ya maji. Thuraya alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, hajatia kitu tumboni tangu jana, akitafuna ncha ya mtandio. Hakuwahi kulala nje ya nyumba hii. Mwalimu alikwisha kusema kwamba asiyekwenda kambini asihangaike kurudi darasani, kwa hiyo hapakuwa na la kujadili. Palikuwa na la kupakia tu.

"Mtandio ukiisha utahamia kanga za mama yako," Ghalibu alimtania.

Hakucheka. Aliuliza tena atafuatwa lini. Baba akajibu tena: siku ya kufunga kambi, yeye mwenyewe, na pikipiki. Akalipiga tranka kufuli, akatunga ufunguo kwenye kamba ya kiatu, akamvika shingoni kama watoto wa bweni wanavyovikwa, usije ukapotea.

Adhana ilipolia, mkewe Ibtisam akasogeza jiko la mkaa na kuanua nguo, maana msafara wa kila jioni ulikuwa karibu. Nyumba ilijengwa juu ya njia ya zamani, na wafu wa njia hiyo hawakupewa njia nyingine. Huingia kwa mlango wa mtaani, hukatiza ua, hutokea mlango wa jikoni kuelekea pwani, wamefungwa mnyororo shingo kwa shingo. Vumbi lao halichafui, ila nguo mbichi hushika harufu ya kutu. Ukoo wa Ghalibu umewaita wapagazi tangu enzi na enzi, watu wa kazi na ujira wao, na huwatengea mtungi wa maji. Mnyororo, wazee walisema, ulikuwa wa kuwasaidia wasipotee.

Wa mwisho mstarini ni mtoto wa kike wa kutoka Usinge, kimo kimoja na Thuraya. Hapo ndipo ujinga ulipomjia Ghalibu umevaa nguo za akili. Aliona huyu ndiye msafiri mzoefu kuliko wote waliomo ndani. Akamsogelea, akamwamkia shikamoo, maana kwa miaka ni bibi yake, naye akaitikia marahaba. Akamwomba amtie moyo mwenzake, amwambie safari haina neno.

Mtoto alisimama, na mstari mzima ukasimama, kwa kuwa mmoja hawezi kusimama peke yake. Aliitazama ile kamba shingoni mwa Thuraya. Kisha akarudi nyuma kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, na kwenye mnyororo, mbele yake, pakaonekana kitanzi kitupu. Thuraya amelelewa kutowakatalia wakubwa. Akainuka, akaingia.

Nje gari likapiga honi. Ghalibu akamshika binti mkono, akavuta. Hakuvutika, mstari wote uliyumba naye, mtungi ukapinduka. Ibtisam ndiye aliyeivua ile kamba, akaufunga ufunguo kwenye pindo la mtandio wa binti.

"Toka humo," alisema, kama anayemfukuza kuku jikoni. "Gari litakuacha."

Kitanzi kikabaki kitupu. Thuraya akatoka, tranka likabebwa, akabanwa kwenye kiti kati ya wenzake, na dereva akaufunga mlango kwa nje, kwa sababu kwa ndani haukuwa na kishikio. Aliendelea kutazama uani kupitia dirisha mpaka gari lilipokata kona.

Ghalibu alirudi akitweta, na aibu ya mtu aliyesaidiwa na mkewe mbele ya wageni. Akaona lazima afunge mjadala. Alimwambia yule mtoto aache kutisha watoto wa watu. Thuraya hakuuzwa. Ibtisam aligeuka kumtazama, maana neno hilo halikuwahi kutamkwa katika ua ule. Ghalibu akaendelea: Thuraya amekwenda kusoma, atafuatwa, atarudi kwao, na kwa hilo neno la mtu wa nyumba hii linatosha.

Mstari ulikuwa umeanza kusogea kuelekea jikoni, kama jana, kama utakavyosogea kesho. Mtoto wa Usinge akageuka kadiri shingo ilivyomruhusu.

"Mwanangu," alisema, "hata baba yangu alipewa neno la mtu wa nyumba hii."