Koti Namba Thelathini na Moja

Mpiga picha alikuwa na sheria zake za kuvaa, na alizifuata kama mgonjwa anavyofuata dozi. Saa inabaki nyumbani. Kucha zinapakwa udongo siku mbili kabla, maana udongo wa asubuhi ile ile hudondoka na kumsaliti mtu. Viatu viwe vimechakaa vyenyewe, visiwe vimechakazwa, kwa sababu watu huanza na viatu. Kwa sheria hizo alikuwa amepiga picha kituo cha treni akiwa kama msafiri aliyeachwa, na mahakamani akiwa na bahasha ya kaki kwapani kama mtu mwenye kesi. Hakuna aliyewahi kumgeukia.

"Mimi ni hewa," alipenda kumwambia mkewe.

Mkewe, fundi cherehani, alimjibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Hewa inayokula sahani mbili."

Safari hii alitaka wapagazi wa soko la jumla, wale wanaoshusha magunia ya viazi na vitunguu kwenye malori. Jumba la maonyesho lilikuwa limemwahidi ukuta mzima, kitu alichokisubiri miaka kumi na moja. Wapagazi wale walivaa makoti ya bluu yenye namba mgongoni, naye akalipata moja kwenye rundo la mitumba nyuma ya soko. Bluu yake ilikuwa imepauka, bega la kulia limelika, na mgongoni palikuwa na namba 31 ya kitambaa cheupe. Koti lililokwishafanya kazi. Hata jasho halikuhitaji kuigizwa.

Mkewe alilikagua kwa vidole. "Namba hii imeshonwa kwa mkono. Tazama kona, kila moja imerudiwa mara mbili. Fundi wa kulipwa hasumbuki hivi. Aliyeshona anampenda mwenye koti."

"Basi sasa ananipenda mimi."

"Cheka tu. Koti la mtu lina mwenyewe."

Kamera ndogo aliificha ndani ya ngata, ule mviringo wa kitambaa ambao mpagazi huuweka chini ya mzigo. Mpagazi anayengoja zamu huiweka ngata gotini, na hakuna anayeitazama. Aliacha upenyo mdogo katikati ya mikunjo, akafanya mazoezi mbele ya kioo mpaka kidole gumba kikajua njia chenyewe.

Siku ya kwanza alisimama mkiani mwa foleni. Nyapara, mwanamume mfupi mwenye sauti nzito aliyegawa zamu kwa kutaja namba, alimpita, akasita, akarudi kumtazama mgongoni. Nyapara akamwekea mkono begani.

"Pole na ya nyumbani," alisema kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo angeweza kuuliza ni yapi hayo ya nyumbani. Lakini pole ikija, ulimi una jibu lake tayari.

"Tumeshapoa."

"Na mgonjwa?"

"Anaendelea."

"Mwambie nafasi yake ipo. Sisi hatusahau mtu."

Alijua. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba hakujua, lakini alijua palepale kuwa anapokea salamu za mtu mwingine. Ila mlango ulikuwa umefunguka, na yeye alikuwa na ukuta wa kujaza.

Tangu siku hiyo kazi ilikwenda kama maji mteremkoni. Mpagazi mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimkalisha karibu naye kwenye benchi. Magunia mazito yalipopangwa, Redio aliwahi kusema, "Viazi msimpe huyu. Nyumba yao imeshatoa mgongo mmoja, inatosha." Kwa hiyo alipewa vitunguu, tena vya nusu gunia, na muda uliobaki alikaa na ngata yake gotini. Alimpata pichani mpagazi aliyelala mdomo wazi juu ya marobota. Alimpata mwingine akijikanda magoti huku amefumba macho. Alimpata Redio mwenyewe akiwa kimya, jambo lililotokea mara moja tu.

Habari ya koti aliipata vipande vipande. Namba thelathini na moja aliangukiwa na magunia, akaumia uti wa mgongo, na sasa alikuwa mwezi wa tatu kitandani. Desturi ya foleni ile ilikuwa kwamba mtu akiumia namba yake haifutwi. Ndugu mmoja wa nyumba yake huishika mpaka apone, ili jiko lisizimike. Nyapara hakuuliza barua wala ushahidi. Aliyekuja na koti ndiye aliyetumwa.

Mpiga picha alipolielewa hilo alijiapiza kwamba kesho hatarudi. Kesho yake mwanga ulikuwa mzuri mno. Keshokutwa pia.

Wiki ya tatu, wakinywa chai, Redio alimgonga kiwiko. "Hivi nyumba yenu hamsemezani? Juzi kaka yenu mkubwa kaja kutaka zamu. Nyapara akamwambia mmeshatuma mtu. Kaondoka amenuna kama gunia lililonyeshewa."

"Ana hasira za karibu yule," mpiga picha alisema, akacheka kicheko cha kuazima.

Siku mbili baadaye mwanamke alikuja kwenye foleni, amejitanda khanga ya zamani iliyofuliwa vizuri, anatembea kama mtu aliyetumwa mahali asipotaka kufika. Wapagazi wakampisha. Walimwita shemeji, wote kwa pamoja, na kila mmoja alimuuliza hali ya mgonjwa.

"Afadhali umekuja, shemeji," Nyapara alisema. "Kaka wa mumeo analalamika. Anasema umemchomeka mtu wa kwenu, damu yao umeiacha nje. Mimi ya ndani siyaingilii. Wewe tuambie tu, huyu si wenu?"

Mwanamke aliangalia koti kwanza. Aliangalia bega lililolika, akazunguka kidogo akaiona namba, akaigusa kwenye kona. Kisha akamtazama mpiga picha usoni.

Ndipo naye akaelewa. Rundo la mitumba halikujijaza lenyewe. Mwanamke huyu alikuwa ameliuza koti la mumewe, pengine siku ambayo hakukuwa na kingine cha kuuza, na hakumwambia mtu nyumbani. Akisema sio wetu, ataulizwa koti limetokaje mlangoni mwake, mbele ya wanaume waliolishika kama kiapo. Akisema ni wetu, shemeji yake atamwita mwongo mpaka kiyama.

"Ni wetu," mwanamke alisema. Halafu, kwa sauti ambayo mpiga picha pekee ndiye aliyeisikia, "Kazi njema, mdogo wangu."

Akaondoka. Na kidole gumba, kilichokuwa kimeshazoea njia yake, kilikuwa kimebonyeza mara mbili.

Jioni ile aliiweka picha kwenye kioo cha kompyuta, akakaa mbele yake bila kuvua viatu. Hakuwa amewahi kupiga picha nzuri kama ile. Mkewe alikuja, akasimama nyuma yake.

"Anamtazama nani huyu mama?"

"Mimi."

Akamweleza yote. Mkewe hakugomba. Alichukua kipanya, akaanza kurudi nyuma, picha moja baada ya nyingine. "Huyu hapa amekusogezea kikombe. Huyu amelala, lakini angalia mkono, amekushikia nafasi. Huyu mfupi amegeuza shingo kuona kama mzigo umekulemea." Alikiweka kipanya chini taratibu. "Hewa haisogezewi kikombe, mume wangu. Walikuona tangu siku ya kwanza."

Mpiga picha alilifua koti mwenyewe, akalipiga pasi. Kwenye tarakimu ya moja uzi ulikuwa umeanza kulegea. Alimwomba mkewe aurudishie.

"Siugusi," mkewe alisema. "Mwenyewe yupo."

Asubuhi alikwenda sokoni na shati lake safi, saa mkononi, koti limekunjwa kwenye mfuko pamoja na ngata. Redio ndiye aliyemwona kwanza, akakimbilia. "Mkubwa, una mzigo? Nikubebee?"

"Ni mimi," mpiga picha alisema.

Ilichukua muda. Redio alimtazama viatu, akapanda mpaka usoni, na tabasamu lake likapotea polepole kama maji yanayozama mchangani. Wengine wakasogea. Mpiga picha aliifungua ngata mbele yao, akawaonyesha kamera, akasema yeye si ndugu wa mtu yeyote pale, na kwamba kaka aliyefukuzwa ndiye mwenye haki.

Nyapara alilikunjua koti. "Hili ulilitoa wapi?"

Njiani alikuwa amejiandaa kusema ukweli wote. Sasa aliona ukweli mmoja haukuwa wake.

"Niliiba. Lilikuwa limeanikwa kambani, nikalitoa."

"Na shemeji jana, kwa nini alikukubali?"

"Anajua hapa mwizi anafanywa nini. Alinisitiri."

Hapakuwa na aliyenyanyua mkono. Kupigwa kungekuwa nafuu. Nyapara alilikunja koti tena kwa mikunjo ile ile ya pasi, akalikumbatia kifuani. "Kaka mtu ataitwa leo," alisema, kisha akageuka kutaja namba za zamu.

Mpiga picha akatoa ndani ya kamera kikadi cha kuhifadhia picha, akampa Redio. Zote zilikuwa humo, hakubakiza nakala, na ukuta wake ulikuwa umebaki mtupu. Redio alikigeuzageuza kwenye kiganja kilichojaa sugu.

"Wiki tatu tumekaa benchi moja," alisema. "Si ungesema tu? Ningechana nywele."

Akakitia mfukoni.

"Pisha, mkubwa," sauti ilisema nyuma yake. Mpagazi alikuwa anakuja na gunia la viazi begani, shingo imepinda. Mpiga picha alijibanza ukutani upesi, na benchi zima likamwangalia akipisha.