Jinsi Filamu ya Treni Inavyoishia Kwetu

Daftari langu la filamu lilikamatwa Jumapili, katikati ya kipindi cha Kiarabu, na aliyelikamata ni Abla Shahinaz mwenyewe. Abla ndivyo tunavyowaita walimu wa kike shuleni kwetu hapa Shubra, Misri, na huyu ana macho ya mwewe. Nilikuwa nimelificha chini ya kitabu cha sarufi, naandika kuhusu filamu niliyoiona sikukuu ya Idi na binamu zangu, ile yenye magari mengi. Akalichukua, akasimama palepale kando ya dawati langu, akaanza kusoma. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze, na dawati langu juu.

Abla akacheka. Tena alicheka mpaka akashika ubavu.

"'Filamu za zamani mtu akipigwa risasi anaongea dakika kumi kabla hajafa,'" akasoma kwa sauti. "'Filamu za siku hizi anakufa hata jina lake hatujalijua.' Ibtihal, haya umeandika wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umenakili wapi?"

"Sijanakili, Abla." Sauti ilikuwa ndogo, hata mimi mwenyewe sikuisikia.

"Basi Alhamisi utayasoma kwenye redio ya asubuhi. Nakupa dakika tatu."

Redio yetu ya asubuhi ni kipaza sauti kimoja kilichosimama juu ya ngazi za uani. Wasichana mia sita wamejipanga mstarini mbele yako na hawana pa kwenda. Anayeiongoza ni Ingi wa darasa letu, na Ingi alinyoosha mkono kabla Abla hajafunga mdomo.

"Abla, niruhusu nisome mimi. Huyu hata akiitwa mahudhurio tunamsoma midomo."

Watu wakacheka. Abla akafikiri kidogo.

"Asome mwenyewe. Akishindwa, wewe utapokea karatasi umalizie."

Ingi ana sauti nzuri, hilo siwezi kumnyima. Lakini akisoma yeye, maneno yangu yatatoka mdomoni mwake, na wiki nzima watu watasema, huyu Ingi bwana, anachekesha kweli. Miaka miwili nakaa na wasichana hawa na hakuna anayejua kama nina maoni juu ya kitu chochote duniani. Nilitaka wajue. Na nilikuwa naogopa wajue. Yote mawili kwa pamoja, kama kula kitu kitamu huku jino linauma.

Nyumbani nikamkuta bibi yangu, Bibi Dawlat, mama wa baba, amekaa mbele ya tivii akitazama filamu ya zamani, sinia la mlenda mapajani, anachambua majani bila kuyatazama. Nikamwambia yaliyonikuta.

"Waambie zamani watu walikuwa na adabu," akasema. "Tazama huyo. Kaachwa na mume, kanyang'anywa mtoto, lakini nywele zimechanwa."

"Bibi, kalala na hereni! Kalala na rangi ya mdomo. Kaamka asubuhi, hata unywele mmoja haujahama. Mimi nikiamka nafanana na ufagio."

"Ndiyo maana hujachumbiwa."

"Nina miaka kumi na tano!"

"Nasema tu." Akatupa kijiti cha mlenda pembeni. "Na hizo zenu za sasa? Juzi nimetazama moja nusu saa nzima, nikadhani tivii imeharibika. Giza tupu."

Hapo hakukosea. Mimi si mtaalamu, mambo ya kamera siyajui, natazama kinachoonyeshwa, basi. Lakini nani anahitaji cheti ili ajue kwamba amechoka? Filamu za sasa watu wanapigana gizani, huoni nani kampiga nani, unasikia vishindo tu kama jirani anahamisha kabati. Wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja, na simu zinaita. Za zamani, mtu anamaliza sentensi yake, mwenzake anavuta pumzi, halafu naye anasema. Unapata nafasi hata ya kumenya chungwa. Ila za zamani nazo! Familia maskini ambayo haina mkate, lakini ndani ya nyumba kuna ngazi mbili, moja ya kupandia na moja ya kuangukia. Msichana anapata mshtuko anakuwa kipofu, anapata mshtuko mwingine anaona. Kama hivyo ndivyo, daktari wa macho hapa mtaani angekuwa na kazi ya kushtua watu tu, "Bo!", nenda nyumbani.

Na kuna filamu moja ya sasa, nimesahau hata inahusu nini, mama mmoja anakaanga viazi. Amefunga nywele kwa soksi. Anaonja kiazi, kinamuunguza, anakila hivyohivyo kwa sababu ana haraka. Yule alikuwa mama yangu hasa. Katika filamu zote za zamani sijawahi kumwona mama yangu, ninawaona tu wale mama wanaozimia kwenye kochi. Kwa ajili ya kile kiazi, nikawasamehe magari yote.

Haya yote nikayaandika. Nikayasoma mbele ya kioo cha bafuni mara nyingi mpaka kaka yangu akagonga mlango akiuliza naongea na nani.

Alhamisi ikafika. Bendera ikapandishwa, Kurani ikasomwa, habari zikasomwa. Ingi akashika kipaza sauti.

"Na sasa, neno kuhusu filamu. Mwenye masikio makali asogee mbele."

Nikapanda ngazi. Nikaanza kusoma, na nikasikia sauti yangu ikitoka kwenye spika, nyembamba kama uzi.

"Hatusikii!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Washeni spika!"

"Spika imewaka, yeye ndiye hajawaka!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Nikashika karatasi kwa mikono miwili, nikasogeza mdomo karibu, nikasoma habari ya mtu wa risasi. Mstari wa mbele wakacheka. Nikasoma habari ya hereni na ufagio, kicheko kikafika katikati. Nikasoma habari ya daktari wa macho na kumshtua mgonjwa, na nikaona hata Abla Shahinaz, aliyesimama chini ya ngazi, anafunika mdomo kwa daftari la mahudhurio. Nikaanza kuwaka. Wallahi nilijisikia nawaka. Nikafika kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Kuna filamu moja ya nyeusi na nyeupe ambayo hakuna Mmisri asiyeijua, kwa sababu tivii haichoki kuirudia. Kijana maskini, mpiga udi, ile ala ya nyuzi kama gitaa, na binti wa mwenye kiwanda. Siku binti anapoozwa kwa tajiri mwenye kitambi, kijana anapanda treni aende zake.

"'Lakini za zamani zinajua kumaliza,'" nikasoma. "'Kama ile ya treni. Binti anakimbia kituoni na gauni lake la harusi, treni imeshaanza kuondoka, na mpiga udi anaruka chini! Sanduku linafunguka, nguo zinatapakaa, wote wawili wanacheka. Nani siku hizi anamaliza filamu namna hiyo?'"

Nikainua macho nisubiri kicheko.

"Anaruka wapi?" sauti ikatoka mistari ya kidato cha tatu. "Yule si aliondoka!"

"Aliondoka na treni, binti akabaki peke yake!"

"Akaolewa na kitambi!"

"Dada, umeota!"

Wakacheka wasichana mia sita, na safari hii walikuwa wananicheka mimi. Mbele ya macho yangu ikaja sebule yetu. Kila filamu ile ikikaribia mwisho, bibi husema, "Kimbia kaweke chai mwanangu, mimi nitakusimulia." Nikirudi na birika, tivii imezimwa, bibi anafuta macho kwa pembe ya mtandio na kusimulia: akaruka, sanduku likafunguka, nguo zikatapakaa. Mara ngapi? Mara ishirini? Na ile ya daktari kipofu, chai. Na ile ya mapacha, chai. Mungu wangu. Sijawahi kuona mwisho wa filamu ya zamani hata moja.

Ingi alikuwa ameshanyoosha mkono, vidole viko kwenye ukingo wa karatasi.

"Lete mpenzi," akaninong'oneza. "Lete nimalizie, usijiumize."

Karatasi nikamwachia. Kipaza sauti sikukiachia.

"Sikilizeni," nikasema. Neno hilo sikuwa nimeliandika popote. Spika zikapiga ukelele, nami nikaendelea. "Bibi yangu amenidanganya!"

Kicheko kikakatika, wakanitazama.

"Filamu ikitaka kuisha vibaya, ile ya treni, ya daktari kipofu, ya mapacha, ananituma chai. Miaka yote hii! Nikirudi ananipa mwisho wake yeye. Nimekunywa chai yote hiyo kumbe ni ya uongo!"

Sasa wakacheka vingine. Nikaona nyuso. Kabla ya hapo nilikuwa naona sare tu.

"Nyinyi mlioona mwisho wa kweli, hebu niambieni. Mlilala vizuri siku hiyo?"

"Mimi nililia siku mbili!" akajibu yule wa kidato cha tatu aliyenikosoa.

"Mama aligombana na baba!" mwingine akapaza sauti. "Akamwambia, nyinyi wanaume wote mnapanda treni!"

"Basi mimi sikulia hata mara moja," nikasema. "Na maoni yangu ni haya. Filamu za zamani zinazishinda za sasa kila mahali isipokuwa dakika tano za mwisho. Za sasa zinakosea kila mahali isipokuwa pale zinapotuonyesha mama zetu wanakaanga viazi. Na bibi yangu, asiyejua hata kubadilisha betri za rimoti, anamaliza filamu kuwashinda wote!"

Makofi yale sijui niyaelezeje. Mtu alikuwa anapiga na miguu.

"Na yule daktari kipofu?" wakapaza sauti. "Bibi anasemaje?"

"Anaona!"

"Halafu?"

"Anamwona yule muuguzi aliyempenda, anamtazama juu mpaka chini, anamwambia, kumbe wewe ni mfupi hivi! Na muuguzi anamjibu, na wewe kumbe ulikuwa unaninunia, nilidhani ni upofu!"

Kengele ikalia. Hakuna mstari uliosogea. Abla Shahinaz akanyoosha vidole vitatu, kwamba dakika zangu zimeisha, halafu akavikunja, akafunga mikono kifuani akasikiliza. Nikageuka nikamwona Ingi amekaa kwenye ngazi na karatasi yangu, anaisoma kimyakimya, mabega yanamcheza kwa kicheko.

"Maliza ya mapacha," akasema bila kuinua kichwa. "Fanya upesi, kengele ya pili haijalia."

Nikamaliza ya mapacha.

Nilikuwa nimesahau jambo moja tu, kwamba spika za shule hazijui ukuta unaishia wapi, na roshani yetu ipo nyuma ya ukuta uleule. Mchana nilipoingia mtaani kwetu, bibi alikuwa ghorofa ya nne, anateremsha kikapu kwa kamba ili Fangari, muuza mboga, amtilie nyanya. Akaniona, kamba ikasimama.

"We mtoto! Umenianika mbele ya Shubra nzima!"

"Bibi Dawlat, niokoe," Fangari akaita kutoka chini. "Tangu asubuhi wateja wananiuliza bei ya nyanya na mwisho wa filamu."

Siku nyingine yoyote ningeinamisha kichwa nikaingia ndani mbio. Nilisimama katikati ya barabara na mkoba mgongoni, nikainua uso.

"Bibi! Yule mpiga udi aliondoka na treni!"

"Aliondoka, ndiyo."

"Na ukaniambia aliruka!"

"Alishuka kituo kilichofuata!" bibi akajibu, bila haya hata chembe. "Akapanda treni ya kurudi. Hawakuonyesha kwa sababu utepe uliwaishia. Au wewe ungemwacha msichana wa watu amesimama pale na gauni?"

"Haiwezekani aachwe," akasema Fangari, akiweka nyanya moja moja kikapuni.

Dirisha la ghorofa ya pili likafunguka, jirani yetu Umm Karam akatoa kichwa na taulo la nywele. "Sawa, Dawlat. Na yule mwenye kitambi je? Ameshakodi ukumbi, ameshaalika watu, chakula kipo mezani. Yeye umemwacha wapi?"

Mara ya kwanza maishani nikamwona bibi yangu hana mwisho wa kunipa. Akanitazama mimi, Umm Karam akanitazama, Fangari na nyanya yake mkononi akanitazama, na wanawake wawili waliokuwa wanapita na mikate wakasimama.

"Mwenye kitambi," nikasema, na sauti ikapanda ghorofa zote nne bila kipaza sauti, "alikaa mezani peke yake, akala chakula chote cha harusi mpaka sahani ya mwisho. Halafu akauliza nani kapika. Akaenda jikoni akamkuta mwanamke kafunga nywele kwa soksi, anakaanga viazi. Akamwoa yeye!"

Umm Karam akapiga kigelegele palepale dirishani, taulo likamdondoka likaanguka juu ya mboga za Fangari.

Bibi akapiga kofi kwenye chuma cha roshani, kikapu kikayumba na nyanya zake hewani.

"Mmesikia?" akaziambia roshani zote za mtaa. "Mmesikia jinsi inavyoishia?"